Sakafu ya Kagera: Sona Inaweza Kuona Nini Karagwe na Kyerwa

Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota karibu Tanzania nzima. Chanzo hakikuwa mnara ulioanguka wala umeme uliokatika. Nyaya mbili za mawasiliano, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika chini ya Bahari ya Hindi, huko mbali kusini. Meli ya matengenezo inapotumwa kwenye hitilafu ya namna hiyo haiendi kupapasa gizani. Njia ya waya ilishapimwa kwa sauti kabla ya waya kulazwa, kwa hiyo mafundi wanajua mwinuko ulipo, bonde lilipo na mchanga unakohama. Wakifika wanalinganisha picha ya zamani na hali ya leo. Kazi hiyo ya kupiga picha kwa sauti hufanywa na sona.

Kwa mkazi wa Kayanga au Nkwenda, habari ya sakafu ya bahari inaweza kuonekana ya Wapwani, maana bahari iko takribani kilomita elfu moja kutoka kwake. Lakini wilaya za Karagwe na Kyerwa zimepakana na maji pande nyingi, na chini ya maji hayo pana sakafu ambayo nayo haionekani kwa macho. Mto Kagera unazitenga na Rwanda upande wa magharibi, kisha unakata kona na kuitenga Kyerwa na Uganda kaskazini. Karagwe ina Ziwa Rwakajunju, na upande wa kusini mashariki liko Ziwa Burigi. Katikati ya hayo yote kuna vinamasi vya mafunjo ambavyo hata boti haipiti.

Kwamba sona inafanya kazi, hilo lilishathibitishwa zaidi ya karne moja iliyopita. Kinachohitaji kuchambuliwa ni kama inafaa kwenye maji mafupi, yenye tope na majani, na kama inaweza kutueleza kilichobadilika, maana kujua kilichopo ni nusu ya kazi tu. Maoni yangu ni kwamba inaweza, lakini ugumu wake hauko mahali ambapo wengi wanadhani. Kifaa ndicho sehemu nyepesi kuliko zote.

Kanuni yake haina siri. Chombo kinatoa mlio majini, mlio unagonga chini, mwangwi unarudi, muda unahesabiwa. Katika maji yasiyo na chumvi yenye joto la nyuzi 25, sauti husafiri takribani mita 1,497 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Wastani wa kina cha Ziwa Victoria ni mita 40. Mlio unaoshuka hapo na kurudi hutumia milisekunde 53 hivi. Zidisha mwendo kwa muda, gawanya kwa mbili, umepata kina.

Kifaa cha mwali mmoja hupima nukta moja tu, chini kabisa ya boti. Sona ya miali mingi hufungua mamia ya miali kwa mkupuo kama upepeo, ikachora ukanda mzima wa sakafu. Sona ya ubavuni hutazama kushoto na kulia na kutoa picha inayofanana na ya kamera, ingawa imechorwa kwa mwangwi. Kisha kuna sona ya masafa ya chini ambayo mlio wake haukomei juu ya tope: unapenya, unagonga tabaka lililo chini, unarudi na habari za miaka mingi.

Anayetafuta kitu kilichozama hutegemea zaidi sona ya ubavuni, na kinachomwongoza mara nyingi ni kivuli cha kitu kuliko kitu chenyewe. Tuchukulie sona inavutwa mita 5 juu ya sakafu. Kwenye picha kunatokea alama angavu, na nyuma yake kivuli cheusi chenye urefu wa mita 5 kinachoishia mita 25 kutoka kwenye mstari wa boti. Zidisha 5 kwa 5, gawanya kwa 25: kitu hicho kimeinuka mita 1 juu ya sakafu. Mtumbwi uliopinduka unaweza kuwa na kimo hicho, na gogo kubwa pia. Umbo la kivuli ndilo linaloamua, kwa sababu mtumbwi una ncha mbili na ubavu mnyoofu, hali gogo lina matawi. Kiboko naye hutoa kivuli kizuri, ila ukirudi kupita mara ya pili hayupo. Kwa maji ya Kagera hilo si la mzaha: kurudia mstari uleule ndiyo njia ya kutenganisha kitu kilicholala na kiumbe kinachotembea.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa bildi, kamba yenye kipande cha risasi. Nahodha aliishusha majini na kuhesabu pima. Henry Morton Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876, enzi za Omukama Rumanyika, alikuwa na mashua yake Lady Alice iliyosafirishwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Kamanda Whitehouse wa jeshi la maji la Uingereza alizunguka Ziwa Victoria akipima pwani na kina, na kazi yake ikawa msingi wa ramani za meli zilizofuata. Sona yenyewe ilizaliwa baada ya Titanic kuzama mwaka 1912. Reginald Fessenden alijaribu mwangwi wa siwa la barafu mwaka 1914, na Paul Langevin nchini Ufaransa akaendeleza vifaa vya kusikiliza nyambizi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata hivyo, bildi haijafa. Mvuvi wa Rwakajunju anayechomeka upondo majini na kuhisi kama ni tope au changarawe anafanya jambo ambalo sona nyingi za bei nafuu haziwezi.

Tukitaka kuona sona imefanya nini karibu na nyumbani, Ziwa Victoria ndilo darasa letu, na linahusiana na Karagwe kuliko inavyodhaniwa. Wanajiolojia wanaeleza kwamba zamani za kale mito ya eneo hili, Kagera ikiwemo, ilielekea magharibi. Ukingo wa Bonde la Ufa la Magharibi ulipoinuka, mteremko ukageuka, maji yakarudi nyuma na kujikusanya mashariki. Ndivyo ziwa lilivyozaliwa. Vilima vya Karagwe viko kwenye bega hilo lililoinuka, na mabonde yake mapana yenye vinamasi ni mabonde ya mito iliyopoteza mteremko. Ndiyo maana Kagera inapopita hapa hujitawanya na kujificha ndani ya mafunjo, badala ya kukimbia kama mto wa milimani.

Mwaka 1996 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Thomas Johnson na wenzake uliofanyika ndani ya ziwa hilo. Walipita juu ya maji na vyombo vya sauti inayopenya tope, wakaona chini ya mashapo laini uso mgumu unaoendelea hadi kwenye sehemu zenye kina kikubwa. Sampuli zilizochimbwa zilionyesha kwamba uso ule uliwahi kuwa nchi kavu. Ziwa zima lilikuwa limekauka, na lilianza kujaa tena takribani miaka 15,000 iliyopita. Wanabiolojia walishtuka. Mamia ya aina za furu wanaoishi humo wangewezaje kutokea kwa muda mfupi hivyo? Mjadala kuhusu asili ya samaki hao umeendelea, lakini hakuna tena anayezungumzia Ziwa Victoria kana kwamba limekuwapo siku zote. Badiliko kubwa mno katika historia ya maji ya Kagera lilionekana kwa mwangwi kabla halijashikwa kwa mikono.

Kazi ya kawaida zaidi ni ya samaki. Tangu mwaka 1999 taasisi za utafiti za nchi tatu, TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya na ile ya Uganda, zimekuwa zikipima wingi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa sona, na baadaye kazi hiyo ikaratibiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja. Kibofu cha hewa ndani ya samaki hurudisha mwangwi mkali, hivyo sangara mmoja na kundi la dagaa husomeka tofauti. Lakini upofu upo. Dagaa wanaopanda karibu kabisa na uso wa maji hupitwa na mwali unaotazama chini, na samaki anayelala kwenye sakafu mwangwi wake humezwa na mwangwi wa sakafu yenyewe. Walioifanya kazi hiyo hawakuficha udhaifu huu, na hiyo ndiyo sababu takwimu zao zinaaminika. Zawadi ya pembeni ni kwamba kila walipohesabu samaki, kifaa kilirekodi kina pia. Namba hizo zilipounganishwa na ramani za zamani za jeshi la maji la Uingereza zikatoa ramani mpya ya sakafu ya ziwa.

Kuhusu ajali, sona husifiwa kupita kiasi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu, wengi wao wa mkoa huu. Meli ilipinduka, sehemu ya tumbo ikabaki juu ya maji kwa muda, kisha ikashuka. Mahali ilipo palijulikana. Kilichokosekana ni orodha ya abiria wa daraja la tatu, na hakuna mwangwi unaoweza kuirudisha. Ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa na watu 43, na 19 walifariki. Mkia wake ulionekana ukiwa juu ya maji, na wa kwanza kufika walikuwa wavuvi. Katika matukio yote mawili tatizo halikuwa kujua chombo kiko wapi. Sona ni muhimu pale ambapo chombo kimepotea kabisa, au pale ambapo kisanduku cha kumbukumbu za ndege kinatoa mlio wake wa masafa ya kilohezi 37.5 na mtu anahitaji kusikiliza tu bila kutuma mwangwi. Kwa Kagera, ambako watu huvuka kwa mitumbwi kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, wengine na kahawa ya magendo, chombo kikizama kwenye mkondo husukumwa. Saa chache za kwanza zinahitaji watu wenye kamba na mitumbwi. Mashine inakuja baadaye.

Kama si ajali wala samaki, basi sona itafanya nini Karagwe na Kyerwa? Kazi yake kubwa huku ni tope.

Fuata mto. Kagera inaingia nchini ikiwa tayari imebeba udongo wa milima ya Rwanda na Burundi inayolimwa hadi kileleni. Huko Rusumo, wilayani Ngara, kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Ukishatoka hapo mto unapita kati ya Karagwe na Rwanda, ukiambaa na vinamasi na maziwa ambayo huchuja sehemu ya mashapo. Kisha Kyerwa, ambako Murongo upande wetu na Kikagati upande wa Uganda vinatazamana, na hapo upo mtambo mwingine wa megawati 14, wa pamoja kati ya nchi hizo mbili. Mbele zaidi, upande wa Misenyi, umepangwa mradi wa Kakono wa megawati 87.8. Halafu daraja la Kyaka, ambalo majeshi ya Idi Amin yalilibomoa Novemba 1978 na likajengwa upya. Mwisho mto unaingia Uganda na kumwaga kila kitu Ziwa Victoria. Ndiyo njia iliyopitisha magugu maji yaliyoenea ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndiyo njia ambayo mwaka 1994 ilibeba miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, mingi ikaja kuzikwa ufukweni Uganda.

Kila mahali maji yanapozuiwa, mchanga mzito hutua kwanza. Kila mahali mto unapoachiliwa ukiwa umepunguziwa mzigo, huanza kuchimba sakafu yake ili upate mzigo mwingine. Kwa hiyo mtambo mmoja unaweza kujaa tope upande wa juu huku nguzo za daraja, kilomita nyingi chini yake, zikichimbuliwa miguu. Mabadiliko haya hayaonekani kutoka kando ya mto. Maji ni ya kahawia mwaka mzima, na uso wake unabaki vilevile hadi siku ukingo unapoporomoka.

Ziwa Rwakajunju lina sababu yake ya pekee. Ndilo chanzo cha maji kilichochaguliwa kwa ajili ya mji wa Kayanga katika mradi wa maji wa miji 28. Tope likisogea hadi kwenye bomba la kuvutia maji, kinachofuata ni pampu kuchakaa na gharama ya kusafisha maji kupanda. Bodi ya maji inayojua kwamba sakafu inapanda sentimita kadhaa kwa mwaka inaweza kuhamisha mdomo wa bomba kwa mpango. Isiyojua itahamisha kwa dharura.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, na hapa ndipo wataalamu wa baharini wanaokuja na sona za gharama kubwa hujikuta wamekwama. Sona ya miali mingi ni kama tochi inayomulika sakafu: ukiisogeza karibu, duara la mwanga hupungua. Upana wa ukanda unaopimwa ni takribani mara tatu hadi tano ya kina. Chukua mara nne. Penye kina cha mita 50 unapata ukanda wa mita 200, na eneo la kilomita 10 za mraba linamalizika kwa mistari yenye urefu wa jumla wa kilomita 50. Penye kina cha mita 4 ukanda ni mita 16, na eneo lilelile linahitaji kilomita 625. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa hizo ni saa 89 za kukaa ndani ya boti, bila kuhesabu kugeuza, kukwepa mafunjo na kusubiri kundi la viboko lipite. Faida ya kifaa ghali imekwisha hapo. Kwa maji mafupi, mwali mmoja uliopitishwa kwenye mistari iliyopangwa vizuri, pamoja na sona ndogo ya ubavuni, unaleta karibu kila kinachohitajika.

Tatizo la pili ni kwamba kwenye vinamasi chini hapana mwanzo dhahiri. Maji huwa mazito, kisha uji, kisha tope, kisha udongo. Mlio wa kilohezi 200 hugonga juu ya uji na kurudi. Mlio wa kilohezi 30 hivi hupenya uji na kurudi kutoka kwenye udongo uliokaza. Mtu aliyepima mwaka mmoja kwa kifaa cha kwanza na mwaka mwingine kwa cha pili ataona ziwa limeongezeka kina ghafla, na hakuna kilichotokea. Ndiyo sababu wapimaji wazoefu hutumia masafa yote mawili kwa wakati mmoja: tofauti yake ndiyo unene wa tope laini, na mara nyingi hiyo ndiyo namba muhimu kuliko kina chenyewe. Mimea inayooza pia hutoa gesi, na viputo vya gesi ndani ya tope huzima sauti kabisa. Chini ya eneo lenye gesi sona inayopenya haionyeshi chochote, na pengo hilo jeupe kwenye picha lisichukuliwe kuwa ni mwamba.

Tatizo la tatu ndilo linaloharibu kazi nyingi, nalo halina uhusiano na sauti hata kidogo. Kina hupimwa kutoka juu ya maji, na uso wa maji haukai. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1964. Maziwa yaliyo kando ya Kagera nayo hupanda na kushuka kufuatana na mto. Mpimaji akija msimu wa maji mengi atasema ziwa limepata kina. Akija kiangazi atasema limejaa tope. Dawa yake ni alama ya kudumu ya zege ufukweni yenye kimo kinachojulikana, na kipimo cha maji kinachosomwa kila siku ya kazi, ili kila kina kigeuzwe kuwa kimo cha sakafu. Alama hiyo ni ya bei ndogo kuliko mafuta ya siku moja ya boti, na mara nyingi ndiyo inayosahauliwa.

Kuna pia joto. Kati ya maji ya nyuzi 20 na ya nyuzi 25, mwendo wa sauti hutofautiana kwa asilimia 1. Kwenye kina cha mita 10 hiyo ni sentimita 10 za kosa, tena kosa la upande mmoja, lisilopungua hata ukipima nukta laki moja. Makosa ya kubahatisha hujifuta yenyewe kwenye wastani, lakini ya namna hii hayajifuti. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya mstari wa kwanza, bamba la chuma huning'inizwa kwa mnyororo chini ya kifaa, kwenye mita 2, kisha 4, kisha 6, na msomaji anaangalia kama sona inasema hivyohivyo. Isiposema, inasahihishwa hapo hapo. Ni kazi ya nusu saa, inalowesha nguo, na ndiyo inayotenganisha upimaji na utalii wa ziwani.

Tukijumlisha yote hayo, tuseme kila upimaji unabaki na shaka ya sentimita 10. Tofauti ya vipimo viwili itakuwa na shaka ya sentimita 14 hivi. Kama tope linaongezeka sentimita 1 kwa mwaka, hakuna maana ya kupima kila mwaka. Utakuwa unapima makosa yako mwenyewe. Muda wa kufaa kwa ziwa la namna hiyo ni miaka kumi na mitano au zaidi. Lakini kwenye bwawa la umeme, au chini ya daraja, mafuriko ya msimu mmoja yanaweza kuchimba au kujaza mita nzima, na hapo upimaji ufanyike kabla na baada ya mvua kubwa. Mipango inayosema tu kwamba sakafu itafuatiliwa mara kwa mara, bila kueleza badiliko linalotafutwa ni la ukubwa gani, imeandikwa na mtu asiyepiga hesabu hii.

Mfano wa kwa nini picha ya kwanza ina thamani kuliko zote uko magharibi, Ziwa Kivu. Ziwa hilo lenye kina cha mita 485 limebeba chini yake takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Upimaji wa sona ya miali mingi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha vilima vya volkano juu ya sakafu yake, ishara kwamba moto umewahi kutokea ndani ya maji yenyewe. Nyiragongo ilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021 na nyufa za moto kujipenyeza chini ya Goma kuelekea ziwani, wanasayansi walikuwa na ramani ya kulinganisha. Karagwe na Kyerwa hazina volkano, lakini tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Kagera na kuua watu Bukoba na maeneo jirani. Tetemeko linaweza kuporomosha kingo chini ya maji kama linavyoporomosha juu ya vilima. Ili kuona mporomoko wa namna hiyo unahitaji kujua mteremko ulikuwaje jana yake.

Ni nani basi atunze picha hiyo ya jana? Kagera ni ya nchi nne. Shirika la Bonde la Mto Kagera lilianzishwa mwaka 1977, Uganda ikajiunga mwaka 1981, na likavunjwa mwaka 2004. Leo kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Kisumu, na nchini kwetu Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Mwanza. Maji yaliyo ndani ya hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizotangazwa mwaka 2019, yana TANAPA. Umeme una wenyewe, barabara zina TANROADS. Kila mmoja ana sababu ya kupima kipande chake, na kila mradi unaojengwa mtoni hupima sakafu kabla ya kuchimba msingi. Tabia ya vipimo vya mradi ni kukaa na mradi, katika viwango vya kimo ambavyo kila mkandarasi amejichagulia. Kwa maoni yangu, mahali pa kuweka fedha ya kwanza ni hapo: masharti ya kibali yadai namba ghafi za sona zikabidhiwe Bodi ya Maji, zikiwa zimefungwa kwenye alama moja ya kimo kwa mto mzima. Namba ghafi, maana ramani iliyokwisha kupakwa rangi haiwezi kukokotolewa upya.

Baada ya hapo boti moja ndogo inatosha kwa wilaya zote mbili. Ianze Rwakajunju, kwa mistari inayopita mbele ya mdomo wa bomba na kuvuka ziwa hadi ng'ambo. Mtoni ichague sehemu chache zinazofikika, juu na chini ya Murongo, na kuzipima kwa masafa mawili kila baada ya mvua kubwa. Kwenye Burigi, ambako sakafu inabadilika polepole na hakuna anayesubiri matokeo, ije mara moja na irudi baada ya miaka kumi na mitano. Vinamasi vya mafunjo iviache. Humo sona haioni, na mtu mwenye upondo mrefu ulioandikwa sentimita, akiongozwa na mvuvi anayejua penye shimo na penye mamba, atapata kina kilicho sahihi zaidi. Nguzo za madaraja zilizosimama majini hazihitaji boti kabisa: kifaa kimoja cha mwali mmoja hufungwa kwenye nguzo, kikapima mguu wake kila saa na kutuma namba kwa simu kwa mhandisi wa barabara Bukoba, ambaye atajua usiku uleule wa mafuriko kama gari la asubuhi lipite au lisimame.